Bonde Lililopakwa Kijani

Sindano alirudi kutoka kumzika mama yake akiwa na hasira ambayo bado haijapata wa kumwangukia. Alilia msibani mpaka macho yakavimba, akapokea pole za kila aina, za kweli na za kuombea chakula, na alipofungua mlango wa nyumba yake mjini hakukaa hata kuvua viatu. Alishika kitambaa akaanza kufuta vumbi. Ndivyo alivyo. Wengine wakiumia hulala. Yeye akiumia, nyumba inatakata. Jina la Sindano alipewa na wateja wake wa cherehani, na msidhani lilitokana na kushona peke yake.

Alifuta meza, akafuta viti, akafika kwenye ramani. Ilikuwa imetundikwa juu ya kochi, ndani ya fremu ya kioo, kubwa kuliko picha yao ya harusi. Mumewe aliileta nyumbani siku kampuni ilipompongeza. Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa uinjinia aliusikia kwa watu tu: kazi yake ilikuwa kupima mtandao wa kampuni ya simu. Alizunguka na gari lililofungwa simu juu ya paa, na kila lilipopita kompyuta iliandika mahali penyewe na nguvu ya netiweki yake. Baadaye vidoti vile viligeuzwa ramani. Kijani ni mtandao mzuri, njano ni wa kubahatisha, nyekundu ni wa taabu, nyeusi hakuna kitu. Ramani ya Injinia ilikuwa kijani pembe hadi pembe, na wakubwa wake waliipenda mno.

Kitambaa cha Sindano kilifuata barabara ya juu, kikapita kwenye jiwe kubwa, kikateremka bondeni kwao, alikomwacha mama yake chini ya udongo mbichi. Hapo kikasimama. Alisogeza uso karibu na kioo, akafuta tena, labda ni uchafu. Haukuwa uchafu. Bonde lilikuwa kijani.

Lo! Bonde lile halikuwa na netiweki hata ya kuazima. Tangu watu wake wajue simu, mtu akitaka kupiga hupanda mpaka kwenye jiwe, mlima wa kutoa roho, na mama yake Sindano alipanda kila Jumapili ili azungumze na binti yake. Siku kifua kilipombana ilikuwa mchana, watu wako mashambani. Jirani alimkuta sakafuni amekumbatia simu. Kwenye kioo cha simu jina la Sindano lilijipanga juu mpaka chini, na kila mstari umeandikwa simu imeshindikana. Jirani aliinyakua, akakimbia nayo hadi kwenye jiwe, ndipo akampata mwenye pikipiki. Pikipiki ilipofika, ilikuta kazi imekwisha.

"Baba watoto," Sindano aliita. "Njoo huku."

Injinia alitokea chumbani akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mwanamume nadhifu, wa viatu vya kung'aa na kalamu mfukoni, mpole wa sauti. Watu wapole wa sauti wana namna yao ya kukwepa.

"Hapa ni wapi?" Sindano aliuliza, kidole kwenye kioo.

"Si kwenu hapo."

"Pana rangi gani?"

"Mke wangu, umetoka msibani leo. Keti kwanza, nikuchemshie chai."

"Nimeuliza rangi. Au mainjinia hamfundishwi rangi?"

"Kijani."

"Uliteremka bondeni ukapima?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Njia ni utelezi mtupu, gari halipiti. Tulipima barabara ya juu, tukapima pale kwenye jiwe, na programu ikajaza katikati. Ndivyo inavyofanya. Pasipopimwa, inakisia."

"Inakisia," Sindano alirudia. "Na wewe je, ulikuwa unakisia? Kila Jumapili ulikuwa umekaa hapo kwenye kochi unamsikia mama anavyohema kwenye simu. Ulidhani anahema kwa nini?"

"Nilidhani ni uzee."

Sindano alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Akauliza taratibu, "Kungepakwa nyeusi, kampuni ingefanya nini?"

"Ingejenga mnara. Penye nyeusi na watu ndipo minara inapokwenda."

"Na mnara wetu ulikwenda wapi?"

"Haukwenda popote. Hapakuwa na haja, kwa mujibu wa ramani." Kisha akaharakisha, "Lakini hatukufanya kienyeji. Tuliuliza mwenyeji. Mwenyeji mwenyewe alisema mtandao upo."

"Mwenyeji gani?"

Injinia aliangalia dirishani. "Mtu tu. Simkumbuki."

"Kesho nenda ofisini ukaseme umekosea."

Hapo upole ukamtoka kidogo. "Niseme nini? Cheo kinatangazwa mwezi huu. Mkuu wa ramani wa kanda nzima, Sindano! Ninapewa kwa sababu ya ramani hiyo hiyo. Nikienda leo kusema ina kasoro, hata kazi niliyonayo naikosa. Nivumilie. Nikishakaa kwenye kiti nitairekebisha kimyakimya, hakuna atakayejua."

Kimyakimya! Neno hilo lilimchoma Sindano kuliko yote. Mama yake amekufa kimyakimya, na huyu anataka kutubu kimyakimya. Hasira iliyokuwa inazunguka bila makao ikapata nyumba, ikaingia, ikafunga mlango. Sindano aliingia chumbani, akatupa nguo kwenye begi, akafunika cherehani yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Ukinitaka, nipigie simu. Siku itakayolia nikiwa ndani ya nyumba ile, siku hiyohiyo ninarudi. Ramani yako inasema ninapatikana." Akaibandua ramani ukutani, akaitoa kwenye fremu, akaikunja, akaiweka kwapani. "Na hii ninakwenda nayo. Utanitambua."

* * *

Injinia alipiga. Alipiga asubuhi kabla ya chai, alipiga akiwa foleni ya benki, alipiga chooni ofisini. Yule dada wa kwenye simu, ambaye hachoki wala hachukii, alimjibu kila mara kwamba mteja hapatikani kwa sasa, ajaribu tena baadaye. Mke anaweza kususa siku mbili tatu, hilo Injinia alilijua. Wiki ilipokatika bila hata ujumbe, akaona kweli ameachwa na mtu asiyekuwa amesema anaacha.

Huko bondeni Sindano alifagia nyumba ya mama yake, akakunja nguo za marehemu, akamwagilia bustani. Jirani yao, Mama Wawili, yule aliyekimbia na simu siku ile, alikuja kila asubuhi kuketi naye. Alikuwa mama mtu mzima, mnene, mcheshi, lakini siku hizi ucheshi ulikuwa unamkatikia njiani.

"Mwanangu, mume huachwa kwa kupiga mke, kwa kuzurura, kwa ulevi," alisema. "Wako umemwacha kwa sababu ya rangi. Nikielezea wenzangu hawanielewi."

"Si rangi. Alijua, Mama Wawili. Angekuwa hajui ningemsamehe leo hii."

Mama Wawili alifungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga, akaomba chumvi ya kuazima. Sindano alikuwa na mengi kichwani, hakumtilia maanani.

Siku moja mchana Injinia akatokea mwenyewe njiani, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, begani mlingoti wa chuma wa kunasa mtandao wa kule juu. Nyuma yake alikuja mwenye pikipiki amebeba sanduku na betri. Alisalimia kwa unyenyekevu wote wa mkwe aliyekosa, hakungoja kukaribishwa, akachukua ngazi ya pale uani akaiegemeza kwenye bati. Alifunga mlingoti, akateremsha waya dirishani, akaunganisha sanduku na betri. Taa ndogo ikawaka. Kisha akasimama uani, akatoa simu mfukoni, akabonyeza.

Simu ya Sindano ikalia mezani.

Mama Wawili aliruka kitini. Tangu nyumba ile isimame, simu haijawahi kulia ndani yake. Sindano aliitazama ikilia, jina la mumewe likimemeteka. Mashine ya ukubwa wa kopo la mafuta. Ingekuwepo siku ile, mama angempata. Kumbe ilikuwa inawezekana.

"Pokea!" Injinia alipaza sauti kutoka uani, uso umechanua. "Umesema ikilia unarudi. Haya, imelia!"

Sindano alitoka. "Na kwa Mama Wawili inalia?"

"Mashine inatosha nyumba moja."

"Na kule kwa mjamzito, nyumba ya mwisho?"

"Mke wangu, mimi nimekuoa wewe. Sikuoa bonde zima."

"Basi umekuja kunihonga," Sindano alisema. "Watu wanahongwa pesa, mimi nahongwa netiweki! Nirudi mjini nikukalie nyumba, ukalie kiti chako kipya, na hawa waendelee kupanda mlima na wagonjwa wao. Thubutu!"

Alipanda ngazi mwenyewe, gauni amelikunja, akafungua mlingoti kwa mikono mitupu. Injinia alimsihi asianguke. Hakuanguka. Aliushusha, akamtwika begani palepale ulipotokea. Mwenye pikipiki alijifanya anachunguza tairi. Injinia akapanda njia ya utelezi na chuma chake, na kila alipoteleza watoto waliokuwa wamekusanyika walicheka. Sindano hakuwakataza.

* * *

Baada ya hapo vita vikahamia juu ya jiwe. Sindano aliwapandisha wanawake wa bondeni, mmoja baada ya mwingine, wapige huduma kwa wateja, ambako kupiga ni bure. Alidhani kelele za wengi zitasikika. Hakujua kinachomngoja.

"Karibu, nikusaidie nini?" binti wa huduma aliuliza.

"Huku kwetu hakuna mtandao," alisema Mama Wawili.

"Pole sana mama. Lakini mbona nakusikia vizuri?"

"Kwa sababu nimepanda jiwe!"

"Umepanda nini?"

"Jiwe, mwanangu. Jiwe! Nyumbani kwangu ni huko chini."

Vidole vikagonga kompyuta. "Mama, eneo lako kwenye ramani yetu lina mtandao mzuri sana. Na hata simu hii unayopiga inasoma kwa nguvu. Je, kuna jingine?"

Wote walijibiwa hivyohivyo. Kila mwanamke aliyepanda kulalamika aliongeza ushahidi kwamba mtandao upo, kwa sababu bila kupanda asingeweza kulalamika, na akishapanda hana cha kulalamikia. Mama Wawili aliketi chini akacheka mpaka machozi, na yale machozi yakageuka ya kweli. Sindano hakucheka. Aliteremka, akachukua ramani yake, akavaa nguo nyeusi ileile ya mazishi, akapanda gari la mjini.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na viti vya ngozi na mashine ya maji baridi. Binti wa mapokezi alimuuliza ana miadi na nani.

"Na aliyeipenda hii," Sindano akajibu, akaikunjua ramani juu ya meza yake, juu ya kalamu, juu ya kikombe cha chai. Wateja waliokuwa foleni wakasogea. Watu wanapenda ramani. Kila mmoja alianza kutafuta kwao.

Injinia aliitwa mbio. Alipomwona mkewe alibadilika rangi. "Sindano, hapa ni kazini," alinong'ona. "Tuzungumze nje. Usinivunjie heshima."

"Kwani nimekuita wewe?"

Mlango wa ndani ulifunguliwa, akatoka mkuu wa kitengo, mama mfupi wa maneno machache waliyemwita Madamu. Aliitazama ramani, akamtazama mwanamke mwenye nguo nyeusi, akamtazama Injinia aliyekuwa anatokwa na jasho kwenye baridi ya kiyoyozi.

"Huyu ni nani?"

Injinia alisita. Alisita, jamani, mbele ya watu, wakati jibu ni neno moja. "Ni mteja, Madamu," akasema. "Ana malalamiko."

Sindano aliishika meza. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa askari wa mlangoni. Kwa hilo hakujiandaa.

"Ndiyo, ni mteja," alisema. "Mama yangu pia alikuwa mteja wenu. Amefia hapa." Akaweka kidole juu ya kijani. "Amekufa akipiga simu ndani ya mtandao wenu mzuri sana. Sina haja ya pole. Ninataka aliyepima aje apime tena, huku ninamwona."

Madamu alikunja ramani taratibu, akaishika mkononi.

"Atakuja," alisema. "Na mimi nitakuwa naye."

* * *

Siku ya kupima, kaka mkubwa wa Sindano alikuja kukaa uani kwa niaba ya familia. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa kunyamaza sana, na amani ilikuwa inamjia kwa urahisi kuliko dada yake. Wanawake wa bondeni walisimama kila mmoja kizingitini kwake.

Injinia alimtangulia Madamu njiani, amebeba kipimo cha mtandao na kompyuta yake ndogo, akapitia nyuma ya nyumba, akamkuta mkewe jikoni.

"Nisamehe kwa lile neno la ofisini. Nilichanganyikiwa," alisema akihema. "Nakuomba kitu kimoja. Akikuuliza, sema mtandao unakuja na kukatika. Basi. Nitapaka njano. Njano haimfukuzishi mtu kazi. Mwakani naomba mnara mdogo, kila mtu amepona."

Sindano alikuwa anasuuza vikombe. Alimtazama: kola imelowa, yule yule aliyemsubiri miaka yote nje ya duka la cherehani jioni ili asitembee peke yake. Moyo ukamsaliti. Alimwonea huruma, na akajichukia kwa kumwonea.

"Sitasema uongo," alisema. "Lakini nitanyamaza, ili useme wewe. Mwambie bosi wako, mbele ya kaka, kwamba hukuteremka na umekosea. Maneno hayo tu. Ukiyasema, leo hii ninafungasha. Mengine, ya kazi na cheo, tutayabeba wote wawili."

Injinia aliitikia kwa kichwa. Sindano akafuta mikono, akatoka naye, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hasira ilikuwa imemshuka hadi kifuani.

Madamu alikuwa amefika, amevaa buti za mpira. Alitoa simu yake mwenyewe, akaiinua juu, akaigeuza huku na huku, akairudisha mfukoni bila kusema. Akakunjua ramani.

"Eneo hili ulipima wewe?"

"Ndiyo, Madamu."

"Uliteremka?"

Injinia alimwangalia Sindano. Sindano alimwangalia yeye. Kaka mkubwa alikohoa. Maneno yalikuwa pale pale mdomoni, mafupi, na kila aliyekuwepo alisikia yakirudi kooni.

"Madamu, utaratibu unaruhusu kuuliza mwenyeji," Injinia alisema. "Na mimi niliuliza. Nilimuuliza mwenye nyumba hii hii, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Ndiye aliyeniambia mtandao upo. Nilimwamini kama mzazi wangu. Sasa kama kuna aliyedanganya hapa, si mimi."

Kaka mkubwa alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni kweli alisema," Mama Wawili alidakia, sauti imepasuka, na wote wakamgeukia. "Nilikuwepo. Nimelimeza jambo hili tangu msiba, leo litoke. Mlikuja na gari la kampuni, wewe na wenzako wawili. Mvua. Mama alikuwa juu pale kwenye jiwe, akakuona umeshuka garini na viatu vyako. Alivyofurahi! Alikifuta kigoda alichopanda nacho, kwa upande wa gauni lake, ukae. Ukamuuliza, mama, mtandao upo? Mimi nikataka kusema hapa juu tu, huko chini hakuna kitu. Akanifinya. Akaninong'oneza, usimwaibishe mkwe wangu mbele ya wenzake, ameshachoka, ana matope ya kutosha. Akakwambia, upo baba, upo, nendeni salama. Ukacheka, ukapanda gari."

Kaka mkubwa alikiinua kiti, lakini hakukikalia.

Kumbe hivyo. Mama alimsitiri. Alimfichia mkwe aibu yake kwa roho yake mwenyewe, na mkwe leo, alipotakiwa kusema maneno mawili, amemtoa marehemu kaburini amtangulize mbele. Sindano alisikia hasira inarudi, na haikurudi peke yake. Ile huruma ya jikoni iligeuka palepale, ikawa upande wa hasira.

Hakupiga kelele. Ndilo lililowatisha.

"Beba mashine yako ya kupimia," alimwambia mumewe.

"Sindano..."

"Ulimuuliza akiwa kwenye jiwe. Sasa muulize akiwa kwake. Beba."

Injinia alimtazama Madamu amwokoe. Madamu alisema, "Fuata mteja."

Aliwapeleka nyuma ya nyumba, penye udongo uliokuwa bado haujashikana, na mawe madogo yaliyopangwa kuuzunguka. Injinia aliona wanakokwenda, akapunguza mwendo. Kaka mkubwa alikuwa nyuma yake, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi.

"Piga magoti," Sindano alisema. "Weka hapo, usawa wa kichwa. Pima."

Alipiga magoti. Suruali ya kazini ilizama kwenye tope. Aliweka kipimo juu ya udongo, kikamponyoka, akakiokota, akakifuta, akakiweka tena. Wakasubiri. Mashine ilitafuta, ikatafuta, kioo kikizungusha kiduara chake.

"Inasemaje?" Sindano aliuliza.

Injinia alisema kitu kwa ndani.

"Kaka hajasikia."

"Hakuna huduma."

"Madamu yuko mbali. Sema!"

"Hakuna huduma!" Injinia alipaza sauti, na sauti ilimvunjika katikati, akaanza kulia pale pale, machozi ya mtu mzima, makubwa, yasiyo na mpango. "Hakuna! Nilijua hakuna! Nilijua tangu siku ile, sikuteremka, nilijua!"

"Paka rangi," Madamu alisema.

Alipaka kwa kidole chenye udongo, kwenye kioo cha kompyuta ndogo, nukta moja nyeusi katikati ya kijani chote. Madamu aliinama kuhakikisha, akasema kwamba suala la cheo lisizungumzwe tena, na suala la kazi watalizungumza ofisini.

Sindano aliona raha. Nisiwafiche, na yeye mwenyewe hakujificha. Aliona raha ya mtu aliyetua mzigo juu ya mguu wa adui, na hakumwomba mtu yeyote msamaha kwa raha hiyo.

Kaka mkubwa alimshika bega. "Imetosha, mdogo wangu. Amesema. Mwache ainuke."

"Hajapima kwa Mama Wawili," Sindano alijibu. "Wala kwa mjamzito. Inuka, baba. Nyumba zinakusubiri."

Na Injinia aliinuka, akapita nyumba baada ya nyumba na magoti yake ya tope, na kila kizingiti mwanamke alimwonyesha mahali: hapa kitandani, hapa jikoni, hapa alipolazwa mtoto na homa, pima hapa. Kila mahali alisoma kwa sauti, na kila mahali alipaka nyeusi. Walipomaliza nyumba ya mwisho, bonde kwenye kioo lilikuwa limegeuka usiku, na Madamu alikuwa amekwishatangulia kwenye gari.

Injinia alibaki njiani, mikono inaning'inia. "Nimesema kila ulichotaka," alisema. "Watu wote wamesikia. Mnara utakuja. Sasa twende nyumbani, mke wangu."

Sindano alimteremshia macho kutoka kichwani hadi kwenye viatu, kama anavyotazama kitambaa ambacho hakitoshi tena kushona kitu.

"Mimi niko nyumbani," alisema. "Wewe panda gari, usimsubirishe bosi wako kwa ajili ya mteja."

Akarudi kwa mama yake, akafunga mlango.